Siku Pakeji ya Chama Ilipokataa Kuingia Ruiru

Leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya watu wazima, na sitaki pole ya mtu. Niko kwenye saiba, duka la intaneti, hapa Thika, mwenye saiba anaangalia saa kila nikipumua, kwa hivyo nawaandikia barua pepe hii mbio kabla hamjaisikia kutoka kwa Wambui. Wambui akiisimulia ataongeza chumvi. Hii yangu haina chumvi, iko na mimi tu.

Kwa wale mliohama (na wale mnaojifanya mmenisahau), siku hizi niko na ofisi ya kutaipu Ruiru, chumba kimoja cha kupanga kwa ploti ya Mzee Idi. Nataipu barua, programu za harusi na za matanga, na maombi ya kazi ya vijana wanaotaka kuingia viwandani. Kompyuta yangu ni mitumba lakini iko na afya. Naifunika na kitambaa nilichofuma mwenyewe, na kuingia ofisini unavua viatu. (Ndio, unavua. Vumbi la Ruiru unalijua ama hulijui?)

Sasa, mimi niko kwa chama. Tuko wanawake wanne, wote wa kutaipu. Kuna Wambui wa hapa Thika, ambaye ni mwenyekiti kwa sababu siku ya kwanza ndiye alikuja na kalamu. Kuna Nyokabi wa Githurai 45, Mama Shiro wa Mugutha, na mimi Njeri, mweka hazina. Tulichanga tukanunua pakeji ya kompyuta ya kupanga kurasa. Si ile ya kutaipu tu, hapana. Hii inapanga. Maandishi yanazunguka picha, kuna herufi za kujipinda, kuna mipaka ya maua, kadi ya harusi inatoka mtu anauliza uliitengenezea Nairobi gani. Na tuliinunua ya halali, dukani, na risiti, kwa sababu Wambui ni mtu wa kanisa sana.

Shida ya pakeji ya halali ni wivu. Hii inakubali kukaa kwa mashine moja peke yake. Mwenye duka alitueleza pole pole kama watoto: ndani ya disketi ya kwanza kuna ruhusa. Ukiweka pakeji kwa mashine, ile ruhusa inatoka kwa disketi inaingia kwa mashine. Ukitaka kuihamisha, unaitoa kwa utaratibu wake, na ruhusa inarudi kwa disketi. Hapo ndio unaweza kuipeleka kwingine. Tukasema tumeelewa. (Nilitikisa kichwa kuliko wote.)

Watu wengine wangelia. Sisi tukasema, si hii ni merigoraundi tu? Pesa huzunguka, vyombo huzunguka, kwa nini pakeji isizunguke? Tukapanga kila mtu akae nayo mwezi mmoja, halafu ihamie kwa mwenzake. Siku ya kuhama tunaenda wote kuitoa kwa anayemaliza, halafu tunaisindikiza mpaka kwa anayeanza, na huyo anapika chai na mandazi. Inahama kwa heshima, kama bibi harusi.

Lakini mnajua watu na mali ya pamoja. Kila mmoja alikuwa anaogopa mwenzake atatoroka na pakeji aiuze. Nikakumbuka kisanduku cha chama cha mama yangu kule kijijini: kilikuwa na kufuli tatu na funguo zilikaa kwa wamama watatu, ili hata shetani akimwingia mmoja asifike mbali. Nikasema tufanye hivyo. Disketi zilikuwa nane, tukagawana mbili mbili, kila mtu akaenda nyumbani na zake. Bila sisi wote wanne kuwa chumba kimoja, pakeji haiingii kwa mashine yoyote ya dunia hii. Hilo wazo lilikuwa langu na mpaka sasa hivi nasema lilikuwa zuri.

Kila mtu alificha zake kwa akili yake. Wambui alizifungia pamoja na hati ya shamba. Mama Shiro alizishonea kifuko cha vifungo. Nyokabi alizitia kwa karatasi ya nailoni, akazizika ndani ya mkebe wa unga, kwa sababu alisema mwizi wa Githurai anaweza kubeba mpaka mlango lakini hawezi kupekua unga. Mimi kama mweka hazina nilipewa namba moja, ile ya ruhusa, na namba mbili. Hiyo namba moja niliiwekea usalama wa kipekee, nitawaambia ni upi tukifika hapo. Niliringa nao sana, hiyo jueni.

Sasa mwezi huu ilikuwa zamu yangu. Na haikuwa zamu ya mchezo.

Mzee Idi mwenye ploti anagombea uenyekiti wa soko. Kura ni Jumamosi. Mpinzani wake amechorewa mabango kwa mkono, ya rangi ya maji, na mvua ya juzi imeyafanya yalie. Mzee Idi akatangaza sokoni kwamba yake yatakuwa mabango ya kompyuta. Si ya mkono, ya kompyuta. Akaniita. Mzee Idi ni mtu wa Kiswahili safi, akikuambia jambo unasikia mpaka nukta. Akasema Karanja wa bucha anakitaka chumba changu, kiko karibu na barabara, atatundika nyama dirishani. Akasema yeye hana ugomvi na mimi, lakini mpaka leo hajaona hicho chombo changu kikifanya kitu ambacho taipuraita haifanyi. Mabango yakitoka mazuri, chumba ni changu. Yasipotoka, nifungashe.

Basi ndio hiyo. Kama hamjaelewa, narudia: bila pakeji hakuna mabango, bila mabango hakuna chumba, na bila chumba nitakuwa nataipu chini ya kitanda cha mama yangu.

Asubuhi tukakutana kwa Wambui kuitoa. Mama Shiro akaniangalia mikono, akasema kucha zangu ni nyekundu utadhani naolewa mimi. Nikamwambia leo ni siku kubwa, na hiyo rangi ndio ile ile ya kila siku, chupa yangu ni moja tangu Krismasi. Wakacheka. Nikatoa disketi namba moja kutoka kwa leso, nikaiingiza, nikaanza kutoa.

Mstari kwa skrini ukajaa, ukajaa, ukafika karibu mwisho. Halafu mashine ikalia. Ikaandika Kiingereza chake kwamba imeshindwa kuandika kwa disketi, nichague: niache, nijaribu tena, ama nipuuze. Nikajaribu tena. Ikalia. Nikajaribu tena kwa upole. Ikalia vile vile.

Wambui akauliza, "Kwani inasema nini?"

Nikamwambia mashine za mitumba ni kama wapangaji, zina malalamiko kila mwezi, ukizisikiza hutamaliza kazi. Nikabonyeza puuza. Ikanyamaza, mstari ukaisha, pakeji ikatoka kwa mashine ya Wambui kama haijawahi kukaa hapo. Nikawaangalia wenzangu kwa jicho la mtaalamu. (Kumbukeni hilo jicho. Sitalitumia tena hivi karibuni.)

Tukashuka Ruiru. Kufika tukakuta Mzee Idi ameleta wazee wawili wa kamati yake washuhudie. Wamevua viatu, wamekaa kwa benchi, wamenyooka. Na Karanja wa bucha alikuwepo pia, ati amepita kusalimia. Amepita kusalimia na futi ya kupimia mkononi! Alikuwa anapima ukuta wangu kuanzia dirishani, na midomo yake inahesabu. Nikamwambia avue viatu kama wengine. Akavua, soksi moja iko na shimo, nikafurahi kidogo.

Nikamimina chai. Mandazi yakazunguka. Wambui akaomba, akaombea mashine, akaombea mikono yangu, akaombea na stima isipotee. Mzee Idi na wenzake wakangoja kwa adabu mpaka amina. Nikatoa kitambaa juu ya kompyuta, nikaiwasha, nikaanza na namba moja.

Wasichana, iliingia vizuri. Namba moja ikaisha, ikaitisha ya pili. Mama Shiro akafungua vifungo vyake akatoa zake. Wambui akatoa zake. Kila mtu alikuwa anapeana kwa mikono miwili, na mimi nawaelezea wazee: sasa inaingiza herufi, sasa inaingiza mipaka, hapa mzee ni maua. Mzee Idi akasogeza benchi karibu. Nilikuwa najisikia daktari.

Halafu zikaja za Nyokabi. Alipozitoa, ile nailoni ilikuwa imepasuka. Alizipiga piga kwa goti na kawingu keupe kakainuka, kakakaa kwa kofia ya mzee mmoja. Nikazipuliza, nikazipanguza kwa sketi, nikaingiza namba saba. Ikakwaruza. Sauti ya kijiko kwa sufuria. Ikakwaruza tena, halafu ikapita. Namba nane ikapita. Mstari ukafika mwisho kabisa.

Na hapo katikati ya skrini kikatokea kijisanduku kidogo, na alama nyekundu ya msalaba. Mimi sikukisoma. Kwa nini nikisome? Nilikuwa nimeshaona unga.

Nilisimama. Haki ya nani, nilisimama kama wakili. Nikamwambia Nyokabi mbele ya watu kwamba mali ya chama si chapati, haikai kwa unga. Nikamwambia sisi wengine tumetunza: mwenyekiti ametumia hati ya shamba, Mama Shiro ametumia sindano na uzi, mimi nimetumia akili, na yeye ametumia mkebe. Nikasema ni uzembe kama huu unaofanya watu waseme wanawake hawawezi kuwa na mali ya pamoja. (Ndio, nilisema hiyo. Mbele ya wazee. Nikanyoosha na kidole, na huko mwisho wa kidole kulikuwa na nini? Subirini.)

Nyokabi alikuwa amekaa tu, mikono mapajani, macho yanaanza kulowa.

Sikuishia hapo. Nikasema kama mweka hazina napendekeza sheria. Kuanzia leo, mtu akiharibu pakeji ya chama kwa uzembe, analipa faini: kuku wa kienyeji, mzima, na chapati, anapikia chama chote nyumbani kwake, na wakati wengine wanakula yeye anasimama anawanawisha mikono. Nikauliza ni nani anaunga mkono. Wambui akainua mkono. Mama Shiro akainua, pole pole, kwa sababu anapenda kuku. Na Nyokabi, Mungu ambariki, akainua wake pia, akasema kama ni unga wake ndio umeharibu, atalipa. Mzee mmoja wa kamati, ambaye si mwanachama, naye akainua. Sheria ikapita.

Nyokabi akapanguza macho na kitambaa cha kichwa, akasogea kwa skrini, akasoma kile kijisanduku. Akasoma tena, akifuata na kidole.

"Njeri," akasema, "hapa inasema ni namba moja. Yangu ni namba saba."

Nikamwambia asome vizuri. Akasema anasoma vizuri. Akasema mashine inasema hakuna ruhusa kwa disketi namba moja, imeenda kuitafuta haijaipata. Akainama mwenyewe, akaiokota disketi namba moja kutoka mezani, akaigeuza.

Wacha sasa niwaambie usalama wangu. Disketi iko na kadude kadogo ka plastiki hapo pembeni. Ukikasukuma upande mmoja, disketi inaandikwa. Ukikasukuma upande wa pili, inasomwa tu, hakuna mtu anaweza kuongeza wala kufuta kitu. Mwezi uliopita, tulipomaliza kuweka pakeji kwa Wambui, nilirudi nyumbani nikakasukuma upande wa kufunga, ili mkono wa mtu usije ukafuta ruhusa ya chama. Na kwa sababu mimi si mtu wa kufanya kazi nusu, nilikadondoshea rangi ya kucha juu, tone moja nono, ikakauka hapo hapo, kadude kakashikana. Nilipuliza mpaka ikang'aa. Nikalala usingizi wa mtu aliyefunga mlango.

Mmeona nilichofanya? Ruhusa haikuwa ndani. Ilikuwa imeshaingia kwa mashine ya Wambui. Nilifunga nyumba na mwenyewe yuko nje. Leo asubuhi alipotaka kurudi alibisha, akabisha, akabisha, ndio ile kelele, na mimi nikampuuza.

Nyokabi akainua disketi juu, kila mtu aone. Tone jekundu likametameta. Mama Shiro aliiangalia disketi, halafu akaangalia mikono yangu. Wambui akaangalia mikono yangu. Wazee wakaangalia mikono yangu. Karanja naye akaacha kupima ili aangalie mikono yangu.

Nikaiingiza mikono chini ya kitambaa cha kompyuta.

Mzee Idi akasema taratibu, "Binti, toa mikono."

Nikaitoa. Kucha kumi zote, nyekundu, ile ile. Sijawahi kuona vidole vyangu vikiwa vingi hivyo. Yule mzee mwenye unga kwa kofia ndiye alianza kucheka, na akicheka huyo mzee anapiga mapaja. Halafu Mama Shiro. Halafu Wambui, mtu wa maombi, alicheka mpaka akashika ukuta. Nyokabi hakucheka. Alinirudishia disketi kwa mikono miwili, kwa heshima, na hiyo ndiyo iliniuma kuliko yote.

Nikasema, "Nimefunga mimi. Ni rangi yangu. Kuku ni wangu. Lakini sheria ni nzuri na haifutwi."

Nilikwangua ile rangi na wembe mpaka kale kadude kakalegea, nikajaribu upya. Wapi. Wambui akaenda kwa kibanda cha simu akapigia duka. Wakamwambia ruhusa haiko Thika, haiko Ruiru, imepotea njiani. Wakasema tuipeleke disketi namba moja kwao Nairobi, waitume kwa waliotengeneza pakeji, na ikirudi itarudi, ni suala la majuma. Wambui alirudi amekunja uso, kicheko kimeisha. Sasa haikuwa chumba changu peke yake. Hakuna mtu kati yetu aliye na pakeji, na yeye ana mteja wa kadi. Nilitamani anitukane. Hakunitukana.

Karanja akakohoa, akauliza ndoano za nyama zikae upande gani.

Hapo sasa damu ikanipanda. Nilimwambia leo hakuna mbuzi atatundikwa hapa, na kama anatafuta nyama ya kupima ajipime mwenyewe. Mzee Idi akainuka, akavaa viatu. Akasema anaenda kuswali alasiri. Akasema akirudi anataka kuona mabango, ama aone masanduku yangu yakifungwa.

Wakatoka. Tukabaki sisi wanne na ile mashine. Nikaketi kwa sakafu. Nitawaambia ukweli kwa sababu mko mbali: nililia. Kidogo. Rangi ya kucha hailindi hiyo.

Nyokabi akanipiga teke kidogo kwa mguu. "Kuku nitakula," akasema. "Lakini hiyo ni siku ingine. Leo leta karatasi."

Nilikuwa na karatasi kubwa za manila, na kalamu za wino nene nilizonunua za kuandikia maboksi. Mwanzoni nilikataa. Nilisema mzee ametangaza mabango ya kompyuta soko zima, tukimpa ya mkono tutamwaibisha kuliko tusipompa. Wambui akasema aibu kwa leo tayari iko na mwenyewe. Tukaanza. Wambui na Mama Shiro wakaandika jina, herufi kubwa za kusimama. Mimi nikapewa mipaka, na mistari yangu ikawa inaenda kama mtu mlevi. Rula sikuwa nayo.

Nikaangalia mezani. Disketi nane. Zimenyooka pande zote, hakuna kitu kimenyooka hivyo ofisini mwangu. Nikachukua namba moja, ile ile ya laana, nikaiweka kwa kona ya manila, nikaizungusha kalamu. Kikatoka kisanduku safi kabisa. Nikaisogeza, nikachora kingine. Kile kijiduara cha chuma kilichoko katikati kwa nyuma tukakiiga kwa mkono, kikawa ua. Nyokabi akachukua namba saba, unga ukiwa bado unamwagika, akaanza upande wa pili. Tulizunguka mabango yote hivyo, mpaka hata namba nane ikapata kazi. Wasichana, yalipendeza. Sisemi kwa sababu ni mimi. Yalipendeza.

Mzee Idi akarudi, wazee nyuma yake, Karanja nyuma ya wazee. Tulikuwa tumeyabandika ukutani, pale pale Karanja alipokuwa amepima. Mzee Idi akavua viatu, akasogea, akasoma jina lake. Akagusa wino.

"Haya ni ya mkono," akasema.

"Ni ya pakeji, Mzee," nikasema.

"Pakeji imekataa. Nilikuwepo."

"Ilikataa kuingia kwa mashine. Haikukataa kufanya kazi. Angalia huo mpaka. Hakuna kisanduku hapo hakijachorwa na disketi. Namba moja mpaka namba nane, zote zimepita hapo, za halali, na risiti iko. Nenda soko lote uniletee mgombea mwingine ambaye bango lake limepitiwa na disketi."

Wambui, mtu wa kanisa, alikuwa anaangalia dari. Yule mzee wa kofia akainama akapima disketi kwa kimoja cha visanduku, ikaenea sawasawa. Akamwambia Mzee Idi kwamba kwa upande huo binti hajadanganya.

Mzee Idi akayabandua mabango mwenyewe, moja moja, akayakunja kwa uangalifu, akampa mwenzake abebe. Akaniambia nikae mpaka Jumamosi. Akishinda, chumba ni changu na hatakuwa na neno. Akishindwa, atajua ni bango. Karanja akakunja futi yake akatia mfukoni, lakini hakuitupa, nilimwona.

Basi hivyo ndivyo nilivyo. Sina pakeji, nina chumba mpaka Jumamosi, na nina deni la kuku na chapati, na nitasimama niwanawishe Wambui, Mama Shiro na Nyokabi mikono, mmoja mmoja, na kucha zangu nyekundu vile vile, kwa sababu siitoi hiyo rangi. Atakayeshangaa ashangae.

Na nyinyi wenye mama ama shangazi aliye na meza soko la Ruiru, mwambieni Jumamosi ampigie Mzee Idi kura. Mkitaka kucheka, chekeni, lakini jueni ile sheria ilipita kwa kura zote, na kama mweka hazina nimeiongezea kipengele leo jioni: anayecheka pia analeta kuku.